Hewa Safi ya Baba Valerie

Kila jioni Jentrix alivulia sare yake nje, nyuma ya tangi la maji, upepo wa Kitengela ukimpiga mgongoni. Ndani, mumewe Nalianya alingoja asikie maji yakimwagika kwenye karai ndipo afungue mlango.

"Si kwa ubaya, mama Valerie," alikuwa akimwambia. "Lakini hiyo nguo iko na Nairobi yote. Nikiinusa tu, moyo unaruka."

Moyo wa Nalianya ulijulikana mtaa mzima. Mwaka wa 1999 moyo huo ulimwangusha mbele ya ofisi yao jijini, mkoba mkononi. Daktari alimweleza waziwazi: moshi wa magari huumiza mishipa ya damu, na baridi huibana. Atafute hewa safi, na Julai akae penye joto. Nalianya akaacha kazi, wakahamia Kitengela, nyumba ya mawe iliyotazama malisho ya Wamaasai.

Jentrix hakuacha kazi. Alikuwa polisi wa trafiki, na kazi yake ilikuwa kwenye raundabauti moja ya Nairobi ambapo malori ya Mombasa yalikutana na mabasi. Alitoka nyumbani kabla hakujapambazuka, akashinda amesimama katikati ya moshi, filimbi mdomoni, akarudi na masizi puani.

Siku moja alirudi na habari.

"Wamenipatia uhamisho. Kajiado, kazi ya ofisini."

Nalianya aliweka kijiko chini. "Na dawa zangu nani atanichukulia Nairobi?"

"Hata Kajiado kuna duka la dawa, baba Valerie."

"Hao siwajui."

Jentrix alimwongezea mboga. Kesho yake akakataa uhamisho.

Julai ikaingia na baridi ya kukausha midomo. Jioni, baada ya kuoga, Jentrix aliwasha jiko nje, akalipepea mpaka makaa yakakolea na moshi ukaisha kabisa, ndipo akaliingiza kwa mumewe. Alimpikia supu ya mifupa. Alimfulia shuka asilale na vumbi. Nalianya alianza kunawiri. Jua likishapanda alitembea hadi kwenye zizi la jirani yao Simel, akasalimu "Supa", akaitikiwa "Ipa", wakaongea habari za mvua na nyasi, kisha akarudi na njaa. Suruali zake zikaanza kumbana kiunoni.

Jentrix naye alianza kulala ameegemea ukuta, mito miwili mgongoni. Mumewe alipouliza, alisema ni uchovu wa kazi.

"Pole," Nalianya alimwambia. "Hiyo Nairobi inamaliza watu. Mimi nashukuru nilitoka."

Kutoka barabarani hadi nyumbani palikuwa na mwinuko mdogo, na katikati yake duka la Nasteho. Siku hizo Jentrix hakulipita bila kuketi juu ya kreti la soda na kulegeza kamba za buti. Nasteho alimletea maji, akamtazama akinywa kidogo kidogo.

"Mama Valerie, uko sawa?"

"Ni miguu. Kazi ya kusimama."

"Miguu haifanyi mtu kupumua hivyo. Si uende hospitali?"

"Niko na mgonjwa mmoja nyumbani," Jentrix alisema, akifunga kamba. "Huyo anatosha."

Mwezi wa Agosti Nalianya aliitwa na daktari wake Nairobi kupimwa tena. Aliliogopa jiji, kwa hiyo Jentrix aliomba ruhusa kazini ili amsindikize. Alimlowanishia leso ya kuziba pua, akambebea koti na chupa ya chai. Ngazi za kliniki Nalianya alizipanda bila kupumzika, akafurahi mwenyewe. Mkewe alifika baadaye, akaingia, akaketi kwenye benchi kando ya mlango, koti mapajani.

Daktari alimpima Nalianya presha, akausikiliza moyo mbele na nyuma, akatabasamu.

"Huu moyo umepona kuliko nilivyotarajia. Mnafanya nini huko Kitengela?"

"Ni hewa, daktari," Nalianya alisema, akifunga vifungo vya shati. Akaeleza yote: jiko lisilo na moshi, nguo zinazoachwa nje, matembezi ya asubuhi. Alieleza kwa furaha, kama mtu aliyefaulu mtihani.

Daktari alikuwa akiandika. Kisha akaacha kuandika. Akainuka, akafungua mlango, akamwita muuguzi alete kiti cha magurudumu, upesi.

Nalianya aliachia kifungo cha mwisho. Si ametoka kuambiwa amepona?

"Daktari, mimi naweza kutembea."

"Najua, mzee," daktari alisema, akampita, akapiga magoti mbele ya benchi.