Muhogo wa Jirani

Palikuwa na Mama Nungunungu, mwanawe hataki muhogo. Aliumenya, akauosha, hata akamtafunia. Mtoto akafumba mdomo tu, akazidi kukonda. Jioni moja akarudi tumbo limejaa.

"Nimekula muhogo kwa Mama Ngiri," akasema. "Wake mtamu."

Mama Nungunungu alipata uchungu, lakini akaenda kwa jirani kujifunza.

"Jirani, muhogo wako unauchimba wapi?"

"Si shamba lile lile tunalochimba sote?" akajibu Mama Ngiri. "Mimi ndiye niliyetaka kukuuliza. Mwanangu hapa hagusi kitu, lakini akitoka kwako anausifu muhogo wako."

Wakatazamana, wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu hapo hubadilishana watoto kila jioni, na watoto wote wawili wananenepa.