Mgonjwa wa Upande wa Pili

"Nipe Halstein," Eilert alisema kwenye simu. "Yeye akikaa nje, tutakuwa sawa."

Gunnvor aliuma midomo. Yeye ndiye aliyekuwa mnadhimu wa chama, mwenye kuhesabu kura zake, na kesho yake Bunge huko Oslo lingepigia kura sheria ya kumwachia mwanamke uamuzi wa mimba yake, asiende tena kuwalilia madaktari wawili. Mdogo wake aliwalilia, wakamkatalia, akatafuta msaada uchochoroni. Walimzika wiki hiyo hiyo.

Upande wake ulizidi kwa kura moja tu. Tena kulikuwa na fununu kwamba mmoja wao angewageuka. Hakujua nani, aliwachunguza mpaka wanavyokunywa kahawa.

Sasa Eilert, aliyeipinga sheria hiyo miaka nenda miaka rudi, anasema moyo unamsumbua. Desturi ya Bunge ilijulikana: mgonjwa wa upande mmoja akikosa kura, mtu wa upande wa pili hukaa nje kumfidia.

"Kwa nini Halstein?"

"Tunasali kanisa moja. Akitoa neno, halivunji."

"Haya. Ugua pole, mzee. Na binti yako anaendeleaje?"

"Hatoki chumbani tangu arudi kutoka kwa madaktari," Eilert alisema, akakata simu.

Halstein, mbunge wa chama cha Gunnvor, alipoambiwa, aliiva uso mpaka masikioni.

"Mimi nikae nje? Siku kama hii? Mtoe mwingine bwana."

"Nimeshaahidi, Halstein."

"Basi umenimaliza."

Gunnvor alimwonea huruma. Kumbe sheria hii ilimkaa moyoni kiasi hicho!

Kesho yake waliitwa kupiga kura jina kwa jina. Kila alipotajwa mtu wa chama chake, Gunnvor alitia alama kwenye orodha. Ndiyo. Ndiyo tena. Alimngoja msaliti mpaka jina la mwisho, asimwone. Spika akagonga nyundo: sheria imepita, kwa kura moja.

Gunnvor alilia bila kuona haya. Akatoka mbio hadi kwenye korido, alikokuwa amekaa Halstein peke yake, koti mapajani.

"Tumeshinda! Na hakuna aliyetugeuka, ndugu yangu. Zilikuwa porojo tu."

Halstein hakusimama.

"Ni mimi niliyekuwa niwageuke," alisema. "Na mtu pekee niliyemwambia ni Eilert."