Mshipa wa Kushoto

"Usiguse shingo!" mpimaji alimkemea.

Fundi alirudisha mkono chini. Alikuwa amelala chali, vibandiko kifuani, nyaya kila upande, mlango umefungwa. Kwa miaka ishirini ya kuchomelea mageti kwenye moshi hakuwahi kuogopa kitu, lakini leo aliogopa, na chumba kilikuwa kidogo mno kwa woga wote ule.

Mpimaji, mwanamama mwenye miwani, aliitazama kadi ya hospitali yenye picha, akamtazama yeye. "Picha hii inakuzeesha, baba."

"Siku hiyo nilikuwa hoi."

"Na leo unapumua vizuri kweli."

"Ni dawa zenu," alijibu upesi, kisha akakohoa kidogo, kwa adabu.

Mambo yalikuwa wazi. Kuna mishipa miwili ya fahamu inayoshuka toka shingoni mpaka kwenye kiwambo, ule msuli wa chini ya mapafu unaovuta pumzi. Yote miwili ikiitika, upasuaji wa pafu ni Jumatatu. Mmoja ukigoma, hakuna upasuaji; mgonjwa anarudi nyumbani kungoja siku zake.

Mpimaji akagusa shingo upande wa kulia kwa kifaa chake cha umeme. Umeme ukachoma, tumbo likaruka kama la mwenye kwikwi.

"Safi kabisa."

Akahamia kushoto. Umeme ukachoma vilevile, ila tumbo halikutikisika. Akasogeza kifaa, akaongeza nguvu, akarudia. Fundi alimwomba Mungu kimoyomoyo. Tumbo tuli.

"Pole, baba. Wa kushoto umekufa, na si jana wala juzi. Huu una miaka."

"Haiwezekani! Rudia tena, mama."

"Nimerudia mara sita. Daktari hawezi kukupasua hivi."

Fundi alishuka kitandani akiwaza. Akisema ukweli, balaa. Akinyamaza, balaa kubwa zaidi. Alivaa shati lake, na mpimaji akampa karatasi ya majibu iliyopigwa mhuri.

Koridoni, kaka yake alikuwa ameketi kwenye benchi, mtungi wa oksijeni miguuni. Alipomwona akitoka, aliivua barakoa na kutabasamu.

"Hawakukugundua, mdogo wangu?" alinong'ona, akihema. "Haya niambie, nimefaulu?"