Mbele ya Hadubini

"Tabasamu tu, usiguse kitu," mpiga picha wa chuo alisema, akimsogeza Sindano mbele ya hadubini.

Koti jeupe alilovishwa lilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Tangu atue Asia kama mwanafunzi wa kubadilishana, Sindano, jina alilobandikwa na mama yake kwa sababu binti huyo ana ulimi mkali, alikuwa akikaa nyuma ya maabara na kutazama migongo ya wenzake. Kila akiomba zamu, profesa alimjibu kwa upole uleule: "Wageni hutazama kwanza." Leo kipeperushi cha chuo kimetaka sura ya mgeni, ndipo wakamkumbuka.

Sindano akaitazama kamera, kisha akaipa mgongo.

Akawasha taa ya hadubini. Akachukua kipande cha kioo chenye tone la maji ya bwawa, akakiweka mahali pake, akainama. Akazungusha kirekebishio cha lenzi taratibu. Ukungu ukafunguka, na kijidudu cha kijani kikapita kikijinyonganyonga.

"Dada, geuka! Naona kisogo tu."

"Pole. Mimi nimeona visogo muhula mzima."

Profesa, aliyesimama kando ya mpiga picha, akakohoa. "Kifaa hicho si cha kuchezea."

"Sichezi, mwalimu," Sindano alijibu, jicho likiwa palepale kwenye lenzi. "Nani ana penseli? Nataka nimchore huyu kabla hajanitoroka."

Kwenye benchi la pili, mwenzake mmoja akainuka na penseli mkononi.