Upana wa Mabega

Romana alinyoosha uzi juu ya meza ya Hilari, fundi wa baiskeli, akabana fundo moja kwa kidole gumba, akalivuta la pili mpaka uzi ukakaza.

"Nataka usukani wa upana huu," alisema. "Usizidi, usipungue."

Hilari aliutazama uzi, kisha akamtazama mabega. Alikuwa mwanamke mwembamba. Uzi ulimzidi kwa vidole vinne vizima.

Baiskeli ile ilikuwa ya mumewe, Maximilian, bwana shamba wa Majimoto. Zamani alizunguka nayo vijiji vyote vya Mpimbwe. Tangu watu wahamishiwe vijiji vipya alikuwa hapandi tena. Alikuwa ameomba kazi ya ofisini, hatua mia kutoka mlangoni kwake. Na tangu hapo mtaa mzima ulijua maisha ya Romana. Akienda kisimani, mumewe hutema mate kizingitini, na yeye lazima awe amerudi kabla hayajakauka. Mwezi wa Septemba mate hayakai. Sokoni alikuwa haendi kabisa. Leo aliruhusiwa kuvuka barabara kwa sababu baiskeli ilikuwa inashika kutu, na hata sasa Maximilian alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha ofisi, anawatazama.

"Huu uliopo unabana kifua," alisema Romana kwa sauti ya chini, mgongo ameuelekeza barabarani. "Mtu hawezi kwenda nao mbali."

"Mbali wapi?"

"Akitoka hapa alfajiri, Mpanda anafika lini?"

Hilari aliacha kufuta spana. "Akijitahidi, analala Sitalike, kesho yake amefika."

"Na mabega hayatamuuma?"

"Mabega ndiyo yanayochagua usukani, mama. Ukiwa mwembamba kuliko mtu, unamkata pumzi. Ukimzidi upana, anakuwa kama amekumbatia ng'ombe. Shingo inakufa ganzi hata nusu ya njia hajafika."

"Ndiyo maana nimepima."

"Umempima nani?"

Romana alitazama chini. "Atakayeipanda."

Alipoondoka, Hilari alibaki na uzi mkononi. Alikumbuka kwamba Romana alilelewa misheni, na masista walimfundisha kuendesha baiskeli. Akamkumbuka pia dada yake mwenyewe, Lusia, aliyeolewa kijiji cha Mamba na mwanamume wa namna ya Maximilian. Lusia aliishi akifungiwa hadi akafa, na yeye, kaka yake, hakuwahi kusema neno.

Ukutani zilining'inia sukani tatu. Ule mpana ulilingana na uzi sawasawa. Hilari aliushusha, akaushika, akafikiri. Mtu anayejipima mwenyewe kwa siri, mikono inamtetemeka, atapima vipi sawa? Au labda alipima makusudi hivyo, ili mumewe akiuona uzi asishtuke. Akiendesha na huo, mikono itamtanuka na shingo itamwangusha porini, katikati ya wanyama.

Akaurudisha. Akafunga ule mwembamba, wa kiasi cha mabega ya Romana, akaukaza kwa nguvu zake zote, akavika vishikio vipya, akapaka mnyororo mafuta. Hakumwambia mtu, hata mkewe, Immaculata.

Jumamosi Romana alikuja kuichukua.

"Ni upana ule ule?"

"Utamfaa," alisema Hilari.

Romana alitaka kuutazama vizuri, lakini sauti ya Maximilian ikaita kutoka ng'ambo ya barabara. Akaishika baiskeli haraka.

"Jumatatu alfajiri," alinong'ona. "Mungu akipenda."

"Safari njema, mama."

Romana alimtazama kidogo kama asiyeelewa, kisha akavuka.

Jumatatu Hilari aliamka majogoo wakiwika. Alisikia kengele ya baiskeli ikipita nje ya ukuta wake, na tairi zikisaga changarawe kuelekea kaskazini. Hakuinuka kuchungulia. Wakija kumwuliza, alitaka aweze kuapa kwamba hakuona kitu.

Saa mbili ofisi ilikuwa imefungwa. Basi Maximilian ameshajua, alifikiri Hilari, amekwenda kumtafuta. Siku nzima kila aliyepita barabarani alimshtua, lakini hakuna aliyemletea habari. Kufikia saa kumi moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko alivyoukumbuka kwa miaka mingi. Akachukua ndoo, akaenda kisimani kunawa mafuta.

Romana alikuwa ameketi pale kwenye jiwe, katikati ya wanawake wenzake, anasukwa nywele. Alikuwa anacheka.

Hilari aliweka ndoo chini. "Hukwenda?"

"Niende wapi, fundi? Shamba langu liko hapa, na mama yangu amezikwa hapa." Alimsogelea, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado, akashusha sauti. "Mume wangu amekubali kurudi kwenye kazi ya kuzunguka. Mpanda, halafu Inyonga. Miezi mitatu. Ni maumivu ya mabega tu yaliyomkalisha nyumbani, ndiyo maana nikalipima shati lake kwenye kamba ya kuanikia. Mungu akubariki kwa mikono yako."

Hilari aliukumbuka ule usukani mpana, bado unaning'inia ukutani kwake. Nyuma ya Romana, wanawake waligeuka wote kutazama njia.

Maximilian alikuwa anapanda njia ya kisimani kwa miguu, anaisukuma baiskeli kwa mkono mmoja, mwingine ameubana kifuani.

"Sikufika hata Usevya," alisema akihema. "Nimekwisha kuirudisha barua ya safari. Sitoki tena, mpaka nife. Romana, inuka twende nyumbani."