Mtahini wa Siwema

Siwema alibakiwa na wiki moja kabla ya mtihani wa kuongea Kiingereza, ule wa wauguzi wanaotafuta kazi ng'ambo. Mama yake, asiyejua neno la lugha hiyo, ndiye aliyekuwa mtahini wake pale jikoni. Alikaa kwenye kigoda, akainua mwiko ili binti aanze.

Swali lilihusu mtu unayempenda. Siwema akaanza, na kwa Kiingereza yakamtoka yote ambayo ndugu walikubaliana mama asiambiwe: uvimbe umesambaa, daktari hana tena la kufanya.

Mama akashusha mwiko.

"Leo hukukwama hata kidogo, mwanangu. Ila siku ya mtihani usimtazame mtu tumbo namna hiyo."

Akauinua tena mwiko, akauacha hewani, akisubiri.