Chungu kwa Ajili ya Iliki

"Vua na kilemba!"

Eliaichi alikivua, akakikung'uta mbele ya uso wa tajiri wake. Haikudondoka hata chembe. Ebenezeri akazidi kufura. Iliki ya kusaga ni mali. Asubuhi anaipima, na jioni, ikishachekechwa, vijiko vitatu havipo. Ilikuwa hivyo tangu baridi ya Julai ianze, na katika chumba kile cha Majengo mchekechaji alikuwa mmoja tu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alifoka. "Wahenga hawakukosea!"

"Mzee, ni hili chekeche la nailoni," Eliaichi alisema. "Nailoni ikisuguana inavuta unga laini, unaganda. Unga huu unataka hariri, na nguo za pamba kama hizi zangu."

"Hariri utavaa siku ya harusi yako!"

Hata hivyo alikwenda dukani kwa Dilip akanunua chekeche la hariri, ili amzibe mdomo. Jioni vijiko vitatu havikuonekana vilevile. Ushahidi gani tena?

Kuanzia hapo akawa haondoki. Alijikunyata ndani ya koti lake jipya la mtumba, lile linalong'aa alilolinunua baridi ilipoanza, akamwinamia Eliaichi kutwa nzima huku vumbi la iliki likimfukia mpaka kope. Na iliki ikazidi kupungua. Sasa vilipotea vijiko vinne.

"Nitavunja chungu," alisema.

Mtu yeyote wa mlimani anajua maana yake. Chungu kikishavunjwa, mwizi hapelekwi polisi. Hufa, na nyumba yake humfuata mmoja mmoja.

"Vunja, mzee," Eliaichi alijibu, naye machozi ya hasira yakimtoka. "Vunja hata viwili!"

Mzee wa ukoo alishuka Jumamosi asubuhi, chungu kikiwa kwapani. Alimuuliza Ebenezeri mara tatu kama amefikiri vizuri. "Chungu hakina ndugu, mwanangu."

"Vunja!"

"Aliyeitoa iliki humu ndani, afe. Aliyeipokea, afe. Aliyeila, afe." Chungu kikapasuka sakafuni. Eliaichi hakupepesa macho. Akaokota chekeche lake, akaendelea na kazi, na Ebenezeri akasimama juu yake mpaka jioni.

Alifika nyumbani roho imetulia kwa mara ya kwanza mwezi ule. Mkewe Lukresia akampokea koti mlangoni kama kawaida, akapotelea nalo jikoni. Mezani wanawe, Lucky na Victoria, walikuwa wanangoja chai. Ilipokuja, ilinukia nyumba nzima. Ebenezeri akanywa kikombe cha kwanza bila kupumua.

"Mama Lucky, kwa bei hii, iliki umeipata wapi?"

"Sijanunua tangu baridi ianze," Lukresia alisema huku akimwongezea Victoria. "Si hilo koti lako la nailoni? Kila jioni nalikung'utia kwenye sufuria."